Glenn Hakufa, Na Hapo Ndipo Shida Ilianza

Kila nikitaja The Walking Dead, kuna msee lazima aniambie, "Mimi niliachia pale Glenn alikufa." Kila mara. Kwa matatu, kwa kinyozi, hata kwa harusi ya binamu yangu. Mnaisema kama ushuhuda wa kanisani: mlikuwa mmekaa wapi, nani alifunika macho, nani alizima TV.

Na nawaelewa. Oktoba 2016, Negan na lile rungu lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge, jicho la Glenn limetoka nje, na Maggie amepiga magoti hapo hapo akiwa na mimba. Hiyo haikuwa episodi, hiyo ilikuwa kesi ya kupeleka polisi. Mimi sikula hiyo jioni.

Lakini mko na tarehe mbaya. The Walking Dead haikuharibika siku Glenn alikufa. Iliharibika mwaka mmoja kabla, siku Glenn alikataa kufa.

Kama hujaiona na unapanga kuiona, toka hapa sasa. Nitakuambia nani alikufa, nani hakufa na nani alipaswa kufa. Usije kunilaumu.

Sawa. Tuanze na kwa nini tulipenda hii kitu. Ilianza Marekani kwa AMC tarehe 31 Oktoba 2010, kutoka kwa vitabu vya katuni vya Robert Kirkman ambavyo vilikuwa vinatoka tangu 2003. Naibu sherifu wa Georgia anaitwa Rick Grimes anaamka hospitalini, dunia imeisha. Stori kama hiyo tulikuwa tumeshaiona. Mazombi wanaokimbia, mazombi wanaotembea, yote tulikuwa nayo kwa msee wa muvi pale steji, bob 50 unajaziwa flashi mpaka inalia. Hatukuwa tumekosa mazombi.

Tulichokuwa tumekosa ni shoo ambayo mtu akifa, amekufa.

Kumbuka Sophia. Sizoni ya pili, nusu nzima, watu wanatafuta mtoto mmoja msituni. Wengi mlilalamika kwamba lile shamba la Hershel linaboesha, na ukweli linaboesha, kuna episodi pale unaweza kupika githeri kutoka mwanzo na urudi uwapate bado wanaongea. Halafu ghala linafunguliwa. Walkers wanatoka mmoja mmoja, wanapigwa risasi mmoja mmoja, vumbi, kelele. Kunanyamaza. Halafu anatoka wa mwisho, mdogo, na ni Sophia. Alikuwa mle ndani wakati huo wote. Carol anakimbia, Daryl anamshika. Hao wanaume wote wenye bunduki na midomo mikubwa wanasimama tu kama miti. Ni Rick anatembea mpaka pale na kufanya kile kitu.

Hakuna daktari anakuja na dawa. Mtoto amekufa, na ule muda wote wa kutafuta ulikuwa bure.

Na sheria yao ilikuwa nzito kuliko ya mazombi wengi. Kwa hii shoo si lazima uumwe. Kila mtu tayari ameambukizwa. Ukifa kwa njia yoyote, hata usingizini, utaamka. Maana yake ni kwamba kila mtu unayempenda, kuna siku mtu atalazimika kummaliza mara ya pili, na huenda ni wewe. Carl akiwa bado mtoto alibaki na mama yake Lori kule gerezani, mtoto mchanga amezaliwa tu, na akafanya mwenyewe. Carol na yule msichana Lizzie kwenye maua, sizoni ya nne. Kama uliangalia hiyo episodi usiku peke yako, mimi na wewe ni ndugu.

(Ndiyo, najua pia walikuwa na tabia mbaya na wanaume weusi, kama kwamba kundi lina kiti kimoja tu cha sisi. Oscar anakufa episodi ile ile Tyreese anaingia. Sizoni ya tano wakamaliza Bob, Tyreese na Noah, watatu, sizoni moja. Hiyo nitaiandikia siku yake, iko na maneno mengi.)

Sasa tufike kwa pipa.

Oktoba 2015, sizoni ya sita, episodi ya tatu. Glenn na yule mwoga Nicholas wamezingirwa na walkers mamia, wamepanda juu ya pipa kubwa la taka. Nicholas anajipiga risasi, anaanguka, anaanguka na Glenn. Kamera inakaa kwa uso wa Glenn. Anapiga kelele, na matumbo yanavutwa pale kifuani. Mwisho.

Hapa itabidi niseme kitu yangu. Nilikuwa na miaka 12. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumezika shosho, ambaye ndiye alinilea mpaka nikaanza shule. Kwa mazishi sikulia. Watu wazima walinipiga piga bega wakisema huyu ni mwanaume. Halafu nikakaa kwa kitanda cha binamu yangu na laptopu yake iliyovunjika bawaba, nikaona Glenn ameanguka, na nikalia mpaka binamu akasimamisha episodi akaniuliza kama naumwa. Glenn alikuwa yule msee mzuri. Alikuwa anapeleka piza kabla dunia iishe. Ndiye alimwokoa Rick kwa ile tangi mwanzo kabisa na hakuwa hata anamjua. Nikasema sawa. Watu wazuri wanakufa, hawarudi, na unaenda mbele ukiwa na hilo pengo. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo kwa lugha nyoofu. Kwetu walikuwa wanasema shosho amepumzika.

Mwezi mmoja baadaye, episodi ya saba, Glenn akatoka chini ya pipa.

Yale matumbo yalikuwa ya Nicholas aliyekuwa amelala juu yake. Glenn akajivuta chini ya pipa kama panya, akangoja walkers wachoke waende. Basi. Anakunywa maji anaendelea na safari.

Mashabiki wengine walishangilia. Mimi nilikasirika vibaya sana na sikujua kwa nini. Sasa najua. Nilikuwa nimeshamzika, hawa watu wakaja kunichimbulia na kuniambia ilikuwa mzaha.

Na usiniambie ni bahati ya stori. Walipanga. Jina la Steven Yeun waliliondoa kwa yale majina ya mwanzo kwa hizo wiki zote, ili sisi wenye tunasoma majina tudanganyike zaidi. Kamera waliiweka mahali ambapo lazima uone kifua cha Glenn kinaraluliwa. Kudanganya na stori ni kitu moja, kila mwandishi anaficha karata. Lakini kumuonyesha mtu kifo halafu umwambie umeona vibaya, hiyo si kuficha karata. Huo ni mchezo wa karata tatu pale mjini, na unajua vile huwa unaisha.

Baada ya hapo wakashika tabia. Aprili 2016 sizoni inaisha, Negan anachagua mtu, rungu linashuka, na kamera iko ndani ya macho ya anayepigwa. Damu inashuka kwa skrini. Nani? Rudi Oktoba. Miezi sita! Walichukua kifo wakakifanya tangazo la biashara. Watu wakaanza kubeti, ni Abraham, ni Daryl, ni Glenn, kama mechi ya Gor na Ingwe. Tulipofika Oktoba yenyewe, tulikuwa tunangoja matokeo. Hatukuwa tunaogopa.

Na Glenn alipokufa kweli safari hii (wasomaji wa katuni walijua tangu toleo la 100, mwaka 2012), mimi nilitazama lile jicho na kitu cha kwanza nilifikiria ni: kuna pipa wapi hapo karibu? Nilishtuka kwa damu, lakini sikulia. Hapo ndipo nilijua mimi na hii shoo tumeachana, hata kama tulikaa nyumba moja miaka mingine sita.

Kuna wenye wataniambia shida ilikuwa ukatili, kwamba walipita mipaka. Hapana. Hershel alikatwa shingo na panga la Michonne na hakuna mtu alizima TV, tulikaa tukaomboleza yule mzee. Ukatili tulikuwa tumeuzoea. Tulichokosa baada ya pipa ni kuamini.

Ndiyo maana hata Carl hakutuuma vile alipaswa kutuuma. Wakamuua 2018, sizoni ya nane, mtoto ambaye shoo nzima ilikuwa kuhusu kama atakua au hatakua. Kwa katuni Carl anafika mwisho, ana mke, ana mtoto. Huku wakamtoa ili babake apate sababu ya kumsamehe Negan. Wacha hiyo, nitapandwa na presha.

Rick ndiye pipa la pili. Mwaka huo huo wa 2018 AMC walitangaza kila mahali kwamba hizi ni episodi za mwisho za Rick Grimes. Tukajipanga. Amechomwa na chuma ubavuni, anavuja damu juu ya farasi, analipua daraja ili kundi la walkers lisifikie watu wake. Daryl analia. Hapo wangeacha, ningewasamehe yote. Naapa, ningesahau pipa. Lakini hapana, dakika chache baadaye Rick yuko kando ya mto, helikopta inakuja inambeba, na usiku huo huo wanatangaza kwamba kutakuwa na filamu za Rick. Filamu zenyewe hazikuja. Zilikuja episodi sita, 2024. Na zilikuwa tamu, sitadanganya. Danai Gurira, mtoto aliyekulia Harare, aliandika ile ya nne mwenyewe na ndiyo bora kuliko zote. Lakini tulingoja zaidi ya miaka mitano kwa mtu ambaye tulishaaga.

Mnajua nani alijua kumaliza? Kirkman na katuni yake. Julai 2019, toleo la 193, bila tangazo. Alikuwa hata ametoa majalada ya uongo ya matoleo yanayofuata ili watu wasijue. Rick alikuwa amekufa toleo moja kabla, amepigwa risasi kitandani na kijana mjinga wa tajiri, na Carl ndiye alimpata. Hakuna helikopta. Mtu aliyepigana na majeshi anauawa na mtoto wa kishua akiwa na nguo za kulala. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado shangazi zangu wanaomba kuhusu hiyo mambo, so labda sifai kufundisha watu lini pa kusimama. Lakini nikifunga lile toleo nilikaa kimya kama mtu ametoka makaburini, na hiyo ndiyo hisia nilikuwa nimeibiwa 2015.

Sasa angalia tamthilia yenyewe ilivyoisha, Novemba 2022, episodi ya 177. Kabla hatujafika mwisho walikuwa wameshatangaza Daryl ana shoo yake na Maggie na Negan wana yao Manhattan. Yaani unaangalia fainali, mtu amewekewa kisu shingoni, na wewe unajua kandarasi yake ya mwaka ujao. Utaogopa nini? Kitu kimoja tu mle ndani kilinigusa: Rosita. Ameanguka katikati ya walkers na mtoto wake, akapanda akatoka, tukashangilia. Halafu anamwonyesha Eugene bega. Ameumwa. Analala kando ya binti yake mchanga na anaenda polepole, bila ujanja wowote. Hakuna shoo ilikuwa inamngoja. Kwa hivyo tuliweza kumlilia.

Najua hoja yenu ya mwisho: watazamaji walipungua kwa sababu watu walihamia intaneti. Kidogo ni kweli. Lakini ile episodi ya rungu iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 17 huko Marekani, na ya mwisho kabisa milioni 2 na kidogo. Intaneti haili watu namna hiyo peke yake. Hao watu wengine walifanya kile mtu hufanya akishadanganywa kuhusu msiba: hawaendi tena hata ukiwaita kwa msiba wa kweli.

Na Daryl bado anazunguka. Ufaransa, halafu Uhispania. Nampenda huyo msee, lakini ile baiskeli ya moto na uta ule havitishi mtu tena.

Nimeandika haya kwa sababu mdogo wangu, ana miaka 13, ameanza kuiangalia mwezi uliopita. Nilimwambia aangalie mpaka mwisho wa sizoni ya tano halafu tuongee. Bila shaka hakusikia. Jana usiku nimepita kwa mlango wake saa tano, taa imezimwa, simu inawaka chini ya blanketi, na nikasikia zile kelele ninazozijua. Akatoa kichwa, macho mekundu, akaniuliza, "Bro, Glenn amekufa?"

Nikamwambia ndio. Nikakaa hapo kitandani na yeye kidogo.