Simu ya Nyumba na Simu ya Mtu



Zipo familia chache ambazo bado zina simu ya mezani sebuleni. Nyingi zimeikata, na nyingi sasa hupiga simu kwa intaneti. Suala linaloulizwa ni moja: je, ile ya zamani imebakiwa na faida gani? Ni vyema tuzipime zote mbili kwa haki.

Tuanze na gharama. Zamani, kumpigia ndugu aliyeko Maskati au Jidda kulihesabiwa kwa dakika, na macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani muda wote wa mazungumzo. Leo dakika moja ya sauti kwa intaneti hula kiasi cha megabaiti moja au chini ya hapo, awe tunayempigia yuko Likoni au London. Bibi aliyeko Malindi humwona kwa macho yake mjukuu aliyezaliwa juzi ughaibuni. Hii ni neema, na neema haikanushwi.

Lakini ina masharti yake. Simu ya waya wa shaba hupata umeme wake, kiasi cha volti 48, kutoka kituo cha simu; taa za mtaa zikizimika, yenyewe huendelea kulia. Intaneti ya nyumbani hukatika pale pale umeme unapopotea, isipokuwa kifaa chake kiwe na betri. Tena WhatsApp haipigi namba za dharura, 999 wala 112. Na nchi zina sheria zao: Saudia iliruhusu simu za intaneti Septemba 2017, ilhali Umoja wa Falme za Kiarabu huruhusu programu zenye leseni pekee na kuzizuia simu za WhatsApp. Binti anayekwenda kazini Dubai na aulizwe kabla ya safari atapiga kwa njia gani, ili kimya chake kisije kudhaniwa vibaya.

Kubwa zaidi ni adabu. Simu ya mezani ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Ikilia, aliye karibu huinua, husalimu, huuliza hali, kisha huita: "Bibi, simu yako!" Ndugu wa mbali alimtafuta mmoja akawasikia wanne, na watoto wakajifunza kusema na wakubwa. Simu ya leo huingia mfukoni mwa mmoja, na mazungumzo hufungiwa chumbani. Bibi naye huambiwa tu, "Amekusalimu." Je, huko ndiko kuunga jamaa?

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi nyaya zirudishwe. Tunasema desturi ile isipotee. Tuchague siku, mathalan Ijumaa baada ya Alasiri, simu ya intaneti iwekwe katikati ya sebule, sauti ifunguliwe, na mzee awe wa kwanza kusema. Aliye upande wa pili aelezwe ni nani wanaomsikiliza, kwani mazungumzo ni amana. Kisha nyumba isikose simu moja ya kawaida yenye chaji na salio, na namba za jamaa na za dharura ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani, mahali ambapo hata mtoto atazisoma.

Wabillahi tawfiq.