Wenye Nyumba, Kodi Si Sadaka

Hujafa hujaumbika. Sitalifafanua neno hilo, maana hakuna mtu wa Nachingwea wala Ruangwa ambaye hakulisikia kwa bibi yake kabla hajajua kuhesabu. Ninalouliza ni hili: mbona tunalisahau tukishashika ufunguo wa chumba cha kupangisha?

Masika iliyopita fundi viatu mmoja, aliyepooza miguu tangu utotoni na ambaye hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, alikuja kushtaki mbele ya wazee, nami nikiwa mmoja wao. Alikuwa amepanga chumba cha uani, amelipa kodi ya miezi sita mbele kama desturi ya siku hizi inavyotaka. Bati likavuja. Akamwambia mwenye nyumba mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa upole, na mara ya tatu kwa ukali, kwa kuwa ngozi zake zilikuwa zimeloa na viatu vya watu vimeharibika. Akajibiwa: "Nilikuhurumia nikakupa chumba wenzangu walipokukataa, leo unanidai bati?" Kisha akapewa siku tatu ahame, na kodi yake ilikuwa bado ina miezi miwili. Sisi wazee tukamwambia avumilie, eti mwenye nyumba ni mtu mwema, amemsitiri. Tulimwambia kila kitu isipokuwa haki yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza. Fundi yule alilipa shilingi zile zile wanazolipa wapangaji wenye miguu mizima. Dalali alikula chake bila kumpunguzia hata senti. Umeme wa LUKU alinunua mwenyewe. Huruma ilikuwa wapi hapo? Mtu akinunua kilo ya unga dukani kwako, hujamhurumia, umemuuzia. Unga ukiwa na wadudu, atakurudishia. Basi na chumba ni hivyo hivyo. Kodi si sadaka, na aliyelipa kodi hapaswi kunyamazishwa kwa kukumbushwa fadhila. Tena fadhila ya kusimangwa ni chungu kuliko kunyimwa. Masimango mabaya.

Wala watu wenye ulemavu si wachache hata tuwafanye jambo la pembeni. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya kila Watanzania mia wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu wa namna fulani. Hesabu nyumba za mtaa wako, utawakuta. Na wewe unayesoma, ukizeeka macho yakaingia ukungu na magoti yakagoma, utaongezeka katika hesabu hiyo.

Sheria nayo haikulala. Katiba yetu, ibara ya 13, imesema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataja makazi kwa jina lake. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayokataza kuwabagua. Ni kweli kwamba ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mengi yameachwa kwenye makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Lakini kuachiwa makubaliano si kuachiwa uonevu. Hakuna sheria iliyomruhusu mtu kuezua bati ili mpangaji akimbie mvua, au kufunga choo kwa kufuli ili mwenye magongo achoke aondoke mwenyewe.

Hapa niruhusuni niseme jingine linalonikera, maana nikilinyamazia litanikaa kooni. Ni haya majina. Mwenye nyumba akiulizwa nani anakaa chumba cha mwisho, husema, "Yule kiwete." Jina la mtu, alilopewa na wazazi wake mbele ya shehe au padri, limetupwa jalalani. Kiwete, kipofu, kiziwi: tumemweka binadamu pamoja na kiti, kijiko na kisu. Na tazameni ajabu: sarufi ya Kiswahili yenyewe ilikataa. Hatusemi kiziwi kimekuja, twasema kiziwi amekuja. Lugha imemheshimu mtu hata pale jina lilipotaka kumshusha, nasi wenye lugha twashindwa kufuata! Semeni mtu asiyeona, mtu asiyesikia, au bora zaidi mwiteni kwa jina lake. Sijatoka nje ya njia. Anayeitwa kama kitu huishia kutolewa nje kama kitu, pamoja na godoro lake.

Turudi mlangoni. Torati ya Musa ilikataza kumwekea kipofu kikwazo njiani, na Waislamu wanaijua sura ya Abasa na sababu ya kushuka kwake: mtu asiyeona alikuja kutafuta elimu, na kule kugeuziwa uso kukakemewa kutoka mbinguni. Tunayasikia hayo Ijumaa na Jumapili. Jumatatu tunajenga kizingiti kirefu kama ukuta, tunaweka choo juu ya ngazi tatu, kisha tunasema wenye baiskeli hawafai kupangishwa kwa sababu wanasumbua. Nani kamsumbua mwenzake? Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8 tu, kwa kipimo cha mafundi cha sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Ni saruji kidogo, mchanga na kazi ya fundi. Mwenye nyumba anayepandisha kodi kila msimu wa korosho hawezi kuniambia ameshindwa na hilo.

Nasema kwa ukali kwa sababu nawajua watu wa huku, na najua wanaweza. Nachingwea ni mji uliokuzwa na wageni. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta watu kutoka kila pembe, na ulipokufa walibaki wengi wakawa ndugu. Wapigania uhuru wa FRELIMO walifanya mafunzo katika ardhi hii, wakakaa kati yetu hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Vita havimrudishi kila mtu mzima, na babu zetu hawakumuuliza mtu idadi ya miguu yake kabla ya kumpa maji ya kunywa. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wa hapa ni watu wa ukarimu. Mpaka leo mgeni akifika Mkotokuyana wakati wa chakula hasukumwi nje. Ukarimu huo umeishia kwenye sahani?

Wapangaji nao nisiwaache. Dawa ya deni ni kulipa. Ulemavu si kibali cha kukaa bure, na wengi wenye ulemavu ninaowajua wataona aibu kusemewa hivyo. Ukiahidi kulipa korosho ikishauzwa mnadani, lipa, usimkimbie mwenye nyumba. Na jambo la pili: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni mkataba, chukueni risiti. Mpangaji asiyeona asomewe mkataba na mtu anayemwamini yeye, si mpwa wa mwenye nyumba, ndipo atie dole gumba. Asiyesikia aletewe anayejua lugha ya alama, shauri lisiamuliwe juu ya kichwa chake huku anatazama midomo ya watu.

Mkigombana, zipo njia. Mgogoro ukifika Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wa mabaraza, nawaomba: mwenye baiskeli akishindwa kupanda ngazi za ofisi yenu, tokeni ninyi mkakae naye chini ya mwembe. Na msianze shauri kwa kumwambia avumilie. Anzeni kwa kumuuliza alilipa kiasi gani na hadi lini.

Fundi viatu sasa anaishi kwa dada yake, mbali na mjini, na huondoka alfajiri kuiwahi kazi. Kodi ya miezi miwili hajarudishiwa. Siku ile barazani nilijua kwamba ana haki, nikanyamaza kwa kuwa mwenye nyumba ni jamaa yangu wa karibu. Ndugu msomaji, shauri kama hilo litafika mtaani kwako pia. Likifika, usinyamaze kama mimi.