Ndengu za Mutomo katika chungu cha Mchina

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mikahawa ya kifahari iliyozuka jijini Nairobi miaka ya karibuni, msemo huu umepata maana ambayo wahenga hawakuikusudia. Mgeni wa leo ni mpishi kutoka China, naye ametundika mlangoni ahadi ya kutuponya kwelikweli: mchuzi usio na mafuta mengi, uyoga wa aina aina, mboga zinazochovywa dakika moja tu zisipoteze nguvu yake, na tumbo jepesi baada ya mlo. Sina ugomvi na mgeni huyo. Ugomvi wangu ni na karatasi anayonikabidhi nichague chakula.

Mlo ninaouzungumzia Wachina huuita huoguo, yaani huo, moto, na guo, chungu au sufuria. Chungu huwekwa katikati ya meza juu ya jiko dogo, mchuzi ukatokota mbele ya macho ya walaji, na kila mmoja akachovya humo vipande vyembamba vya nyama ya kondoo au ya ng'ombe, uyoga, majani ya mboga na tambi, kisha akavitia katika bakuli lake la ufuta, kitunguu saumu na soya. Mara nyingi chungu hugawanywa mara mbili: upande huu mchuzi mweupe wa mifupa au uyoga, upande ule mchuzi mwekundu wa pilipili wa kule Sichuan na Chongqing, ambao huufisha ulimi ganzi. Ni ulaji wa watu wanaopendana, au angalau wanaovumiliana. Aliyekulia Mutomo, ambako chungu kimoja cha isyo kililisha nyumba nzima na jirani aliyepita, haoni ugeni wowote katika kukizunguka chungu.

Mwenzetu mmoja, mhadhiri mgeni kutoka China, alitualika kwa mlo huo si muda mrefu uliopita. Nilikwenda na mama yangu mdogo, mkulima wa Mutomo, aliyekuwa Nairobi kwa matibabu ya ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amemwagiza apunguze ugali mweupe na aongeze jamii ya kunde na mboga. Kwa hiyo swali lake la kwanza alipoketi lilikuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa mezani pale: "Mwanangu, humu kipi nimeruhusiwa kula?"

Orodha ya vyakula ilikuwa na kurasa nyingi zenye picha za kupendeza. Iliandikwa kwa Kichina na kwa Kiingereza. Kando ya baadhi ya vyakula palichorwa jani dogo la kijani, ishara ya kwamba chakula hicho ni cha afya. Afya ya nani, na kwa sababu gani, jani halikusema. Ikanilazimu niwe mkalimani, kazi ambayo naipenda, ingawa si kila mgonjwa wa sukari anayekwenda mkahawani akifuatana na mwanaisimu.

Sahani ya michipuko myeupe ilipoletwa, mama mdogo aliinyanyua miwili mitatu, akaitazama, akacheka. "Hizi si ndengu zilizonyeshewa? Kwetu zikiota hivi hupewa kuku."

Zilikuwa ndengu kweli. Michipuko inayopatikana katika kila mkahawa wa Kichina duniani kwa kawaida ni ya ndengu, mbegu ile ile inayopandwa Mutomo na Ikutha mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza, na kuvunwa kabla ya ukame kurejea. Wachina huiloweka, huiotesha gizani, na kuila changa. Wana hekima yao: punje inapochipuka huongezeka vitamini C, na vile vizuizi vinavyoufanya mwili ushindwe kufyonza madini ya chuma na zinki hupungua. Bei ya sahani ile, nathubutu kusema, ilizidi ya kilo nzima ya ndengu kavu katika soko la kwetu.

Kisha zikaja tambi zinazong'aa kama kioo. Hizo nazo, kwa desturi ya Wachina, hutengenezwa kwa ndengu, lakini hapa mambo hugeuka. Ndengu kavu ina protini karibu robo ya uzito wake. Ili kupata tambi hizo, mtengenezaji huitoa protini na kubakiza wanga karibu mtupu. Basi mbegu moja ilikuwa imefika mezani kwa sura mbili: ya kwanza mama mdogo angeweza kuila hadi ashibe, ya pili ilimpasa aile kwa kipimo. Zote mbili zilikuwa na jani la kijani. Jina la ndengu halikuandikwa popote.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Tumezoea kudhani kwamba suala la lugha ni la washairi na walimu wa sarufi, jambo la kujadiliwa makongamanoni watu wakisubiri chai. (Na chai yenyewe, msomaji, ni neno lenye asili ya China lililotufikia kupitia Uajemi na Bara Hindi, Kiswahili hakikuogopa kulipokea, kama kisivyoogopa chapati wala biriani.) Lakini mtu anayeambiwa na daktari achunge mlo wake, akapewa orodha asiyoweza kuisoma, amenyimwa dawa. Mwenye shinikizo la damu ana haki ya kujua kwamba soya ina chumvi nyingi. Asiyepatana na karanga yumo hatarini hasa, kwa kuwa karanga na ufuta ni sehemu ya vitoweo vya mlo huu. Na kwa kuwa mlaji ndiye anayejipikia nyama mbichi, ni lazima aelezwe aipike kwa muda gani, na kwamba vijiti vilivyogusa nyama mbichi havifai kupelekwa kinywani.

Nitajibiwa kwamba wateja wa mikahawa hiyo ni wasomi wanaojua Kiingereza. Wapo wengi wa aina hiyo, naam. Lakini kijana aliyetuhudumia alitueleza kila kitu kwa Kiswahili safi, tangu mchuzi hadi malipo. Jikoni nako vijana wetu walikuwa wakiitana kwa Kiswahili. Mkahawa mzima ulikuwa ukisema Kiswahili isipokuwa karatasi yake! Kosa hili, kwa haki, si la Wachina peke yao. Mikahawa mingi ya kifahari inayomilikiwa na Wakenya wenzetu hutuandikia vivyo hivyo, na muthokoi ikifika huko huvishwa jina la kigeni ndipo ipandishwe bei.

Mwaka wa 2015 mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi ulifungwa baada ya magazeti kufichua kwamba Waafrika walikuwa wakizuiwa kuingia kuanzia saa kumi na moja jioni. Taifa zima lilighadhabika, na ilistahili. Mlango ukifungwa huonekana na kila mtu. Orodha isiyosomeka haimghadhabishi yeyote. Mtu hunyoosha kidole juu ya picha, akala alichoonyesha, akaenda zake.

Hasara haiishii kwa mlaji. Mkulima wa Mutomo asiyeambiwa kwamba ndengu yake ndiyo michipuko na ndiyo tambi, ataendelea kuiuza kwa gunia kwa wafanyabiashara wanaokuja na malori, na kununua unga mweupe kwa fedha atakazopata. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ilijengwa na kampuni ya Sinohydro ya China, kwa hiyo njia ya kupeleka mazao sokoni ipo. Serikali ya Kaunti ya Kitui nayo iliwahi kugawa mbegu za ndengu kwa wakulima kwa mbwembwe nyingi. Kisichokuwapo ni maarifa ya thamani ya kitu chenyewe, na maarifa hayo hayapiti pasipo na jina. Ndivyo yalivyo mawele, ambayo sisi Wakamba huyaita mwee. Nimesikia vijana wa kwetu wakiyaita chakula cha njaa, ilhali Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii hiyo.

Sheria haikututupa mkono. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na haki ya kulindiwa afya yake. Na kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba hiyo, utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula ni jukumu la serikali za kaunti. Hakuna haja ya sheria mpya wala tume ya uchunguzi. Kaunti na iweke sharti moja katika fomu ya leseni: orodha ya vyakula iwe pia kwa Kiswahili, ikitaja kila chakula kimetengenezwa kwa nini, kina karanga au hakina, na nyama ipikwe kwa muda gani.

Gharama yake kwa mwenye mkahawa ni kurasa chache na kazi ya mtafsiri ya siku moja au mbili. Watafsiri hao tunawafunza vyuoni kila mwaka, na kadhaa wa wanafunzi wangu wa zamani hadi sasa hawajapata kazi.