Baraza la Mwalimu: Siri ya Nyumba kwa Mtu Baki

Jamaa zangu wa karibu na wa mbali,

Mwaka jana ukurasa huu haukutoka, na wengi mliniuliza sababu. Nilijibu kwamba macho yananisumbua. Macho hayakuwa na kitu. Tangu alipofariki mama watoto nilikuwa silali. Alfajiri nikisali nabaki juu ya msala mpaka saa nne, sina hamu ya chai wala ya kumjibu anayepiga simu.

Binti yangu wa pili ndiye aliyesema, "Baba, nenda ukazungumze na mshauri." Nilimkasirikia. "Mimi ni mwendawazimu? Mambo ya nyumba yangu nikamhadithie mtu baki, asiyejua hata tumetoka wapi?" Hakunijibu, kwa adabu yake, lakini wiki ya pili alirudi na maneno yale yale.

Basi nilikwenda, ili aninyamazie. Hapa England tangu mwaka 2008 serikali ina huduma ya matibabu ya mazungumzo. Huhitaji barua ya daktari, unajiandikisha mwenyewe, hulipi, na ukitaka mkalimani unapewa. Sikulazwa, wala sikumezeshwa kidonge. Nilipewa karatasi ya maswali 9: katika wiki mbili zilizopita umekosa usingizi siku ngapi, umekosa raha siku ngapi, na kadhalika. Kila swali unajitia alama, 0 mpaka 3. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na huo ni wa kwanza kuuona ambao mwenye alama nyingi ndiye aliye taabani. (Nilipata 17, kwa wanaopenda kujua.)

Ama siri, niliambiwa siku ile ile kwamba nitakayosema hayatoki, ila ikihofiwa kuwa nitajidhuru au nitamdhuru mwengine. Na yule mtu baki ndiye khasa aliyenifaa, kwani hatakutana na shemeji zangu harusini. Sisi tunajuana: neno likisemwa London adhuhuri, magharibi limeshafika Muscat.

Wako wanaosema huu ni upungufu wa imani. Nami nilisema hivyo, nikasahau niliyoyasoma. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza huzuni, khofu na wasiwasi. Na mwaka aliofariki Bibi Khadija tuliufundishwa chuoni kwa jina la Mwaka wa Huzuni, wala hatukumsikia maalim akiuonea haya.

Sikupona kwa siku moja. Mara mbili za mwanzo nilizungumzia hali ya hewa tu. Mara ya tatu yule bibi akaniuliza, zamani asubuhi nilikuwa nikifanya nini? Nikamwambia nilikuwa nikimpelekea mke wangu chai. Hapo nililia mbele ya mtu aliye sawa na mwanangu kwa umri. Hakunitoa makosa. Alinipa kazi ya kufanya nyumbani, mimi mwalimu: kila siku nikishasali niinuke, nipike chai, niinywe mezani.

Naipika mpaka leo, na iliki naitia.

Miongoni mwenu wako ambao tangu mwaka juzi "wanaumwa na macho". Simu yangu ni ile ile, na sasa naipokea.