Mchezaji Anapomaliza Shule

Mtuwie radhi safari hii. Tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya kumwachisha mtoto ziwa, lakini limetokea jambo hapa Migato ambalo limetukalisha vikao visivyo rasmi kisimani, shambani na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Ni jambo la mpira wa miguu. Mama usiyependa mpira usifunge ukurasa. Hata miongoni mwetu wapo wasiojua kiungo ni nani na beki ni nani, na bado walikosa usingizi.

Mwenzetu mmoja ana mabinti wawili wanaosoma shule moja ya sekondari ya upande huu wetu wa Itilima. Shule hatutaitaja. Mkubwa alimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Kwa miaka miwili alikuwa kiungo wa timu ya wasichana, na hatusemi kwa sababu ni wa kwetu, mtoto yule alijua mpira. Alikuwa akiupokea mpira kana kwamba anapokea mtoto mchanga, kisha anainua kichwa na kutazama nani yuko wapi. Sisi tuliofua jezi za timu ile tulimjua kwa jezi yake, maana ndiyo iliyokuwa ikirudi na matope kuliko zote.

Kwa wasiofahamu, mashindano ya shule za sekondari huitwa UMISSETA. Huanzia shuleni, yakapanda hadi kata na wilaya, kwetu makao yakiwa Lagangabilili, kisha mkoa, yaani Bariadi, na wanaochaguliwa huenda taifa. Mwaka 2019 na mwaka 2021 fainali za taifa zilichezwa Mtwara. Fikiri mtoto wa huku kwetu, aliyezoea vumbi la pamba na ng'ombe, kwenda kuiona bahari kwa ajili ya miguu yake tu!

Sasa tazama kalenda ilivyo. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Mashindano huja katikati ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtoto akishakomaa, akishaelewana na wenzake kwa kutazamana tu, ndipo anapofunga sanduku na kuondoka, na timu inaingia msimu mpya bila yeye. Kila mwaka ni hivyo. Mwalimu wa michezo amekwisha kulizoea jambo hilo. Wasiolizoea ni wapenzi wa timu, na sisi tumo.

Ilikuwa mwezi wa tano, wakati ambao pamba imepasuka na kila mkono unahitajika shambani. Jioni moja vijana wawili walifika kwa mwenzetu kwa pikipiki. Hawakuwa walimu wala wanafunzi, ni mashabiki tu wa timu. Walisalimu kwa heshima zote, "Mwadila, mayu," wakaweka chini mfuko wa sukari kilo mbili, wakakaa. Walizunguka sana wakiuliza habari za mvua na bei ya pamba. Mwishowe wakasema haja yao. Timu haina kiungo. Wilaya nzima inajua kwamba safari hii itafungwa. Wanaomba binti mkubwa acheze mechi tatu tu, kwa jina la mdogo wake aliye kidato cha pili. Wanafanana, nani atajua?

Mchezaji wa namna hiyo huku kwetu anaitwa mamluki. Neno ni kali, lakini siku ile hakuna aliyelitamka.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Mwenzetu alipotueleza kesho yake tukiwa tunachuma pamba, wengi wetu tulisema amkubalie. Tulikuwa na sababu nzuri kabisa. Mtoto mwenyewe yupo nyumbani tu. Mechi tatu zitamdhuru nini? Shule nyingine hazifanyi hivyohivyo? Na mmoja wetu akasema kwamba kipawa ni cha Mungu, kukificha ni dhambi. Maneno ya dini, ndugu zangu, tunayajua kuyatafuta tunapoyahitaji. Mwenzetu hakujibu. Aliendelea kuchuma.

Usiku ule aliwaita mabinti wote wawili jikoni, akawaeleza bila kuficha. Mkubwa alinyamaza, lakini mama anasema alimwona machoni kwamba anataka. Mdogo ndiye aliyeuliza, taratibu, huku akichokoa moto kwa kijiti:

"Na mimi siku hiyo nitakuwa nani?"

Maana mdogo naye ni mchezaji wa timu ileile. Mwaka mzima alikaa benchi akimtazama dada yake, na msimu huu ndipo aliposikia kwamba huenda nafasi ikapatikana. Dada akicheza kwa jina lake, yeye hawezi kuonekana hata uwanjani. Itabidi abaki nyumbani amejificha kama mgonjwa. Sisi sote, na umri wetu huu, hatukuwa tumeliona hilo. Tulimhesabu aliyeondoka. Aliyekuwa akingojea hatukumhesabu.

Na wakigunduliwa? Shule huondolewa mashindanoni, na jina linalobaki kwenye karatasi za wakubwa ni la yule mdogo asiyegusa mpira. Nchi yetu yenyewe ilikwisha kuonja uchungu wa jambo la jamii hii. Vijana wetu wa Serengeti Boys walifuzu kwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizochezwa Gambia mwaka 2005. Wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda mahali pao. Kosa lilikuwa katika umri wa mchezaji mmoja, lakini timu nzima ilibaki nyumbani, wakiwamo watoto waliostahili kabisa.

Lakini tusimwache yule mkubwa haraka hivyo, maana kwake ndiko tulikojifunza zaidi. Tulipokuwa tukibishana juu ya timu iliyompoteza mchezaji, hatukujiuliza mchezaji naye amepoteza nini. Kuanzia Novemba hadi Julai, kidato cha tano kinapoanza, ni miezi minane. Jana alikuwa akipigiwa makofi na shule nzima. Leo anachota maji, anachuma pamba, anasonga ugali, na hakuna anayemwita kwa jina isipokuwa anapotumwa. Matokeo ya Januari yalikuwa mazuri, tukashangilia siku moja, kisha tukanyamaza. Si ajabu aliposikia kwamba anahitajika tena uwanjani moyo ukamruka, hata kama ni kwa jina lisilo lake.

Na miezi hiyo minane ina wageni wengine pia. Mama mwenye binti anajua tunachosema. Mtoto akiwa na sare ya shule watu humwogopa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 inamfunga miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sare ikivuliwa, mazungumzo ya ng'ombe huanza. Kwa mwenzetu walikwisha kuja mara mbili, na binti ana miaka 17. Mumewe aliwajibu vizuri, tunampongeza. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Ni vema baba na mama wote wawili wakalijua hilo kabla wageni hawajafika, si baada ya chai kunywewa.

Basi mwenzetu alifanya nini? Aliirudisha sukari. Alitembea nayo mwenyewe hadi kwa wale vijana, akawaambia, "Wanangu, huyu mchezaji amemaliza. Anayecheza sasa ni yule mdogo, kwa jina lake." Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Alikwenda kwa mwalimu wa michezo, ambaye hakuwa na habari yoyote ya njama ile, akamwomba binti mkubwa aruhusiwe kufika uwanjani jioni mbili kwa wiki kuwafundisha wadogo zake, kwa jina lake mwenyewe, mchana kweupe. Mwalimu alikubali mara moja. Mume alinung'unika kidogo kwa sababu ya pamba. Wakapatana kwamba siku hizo atachuma asubuhi na mapema.

Tumesikia kwamba Marekani timu za vyuo vikuu hujaza viwanja vikubwa, na mpira wao wanauita wa miguu ingawa huchezwa zaidi kwa mikono. Huko nako kwa miaka mingi kanuni imekuwa mchezaji achezee chuo misimu minne, halafu basi, hata angekuwa hodari namna gani. Hapa nyumbani tuliwaona Serengeti Girls kule India mwaka 2022. Waliwafunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Watoto wale sasa wamezidi umri huo. Fainali za mwaka 2024 Tanzania hatukuwamo, na jirani zetu Kenya walikuwamo. Inauma, lakini hakuna aliyesema wale wa mwaka 2022 warudishwe wawe na miaka 16 tena.

Mkitaka kujua mechi ilikwendaje, tulifungwa mabao 3 kwa 1. Hatuna la kupamba. Katikati ya uwanja palivuja kama paa la nyasi kuukuu. Mdogo aliingizwa kipindi cha pili, na dakika kumi za kwanza kila mpira aliougusa ulikwenda kwa wapinzani. Mashabiki wengine walipiga kelele wakilitaja jina la dada yake. Dada mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mstari, amejifunga kanga, akipaza sauti hadi ikakauka: "Inua kichwa! Inua kichwa kwanza!" Mara moja tu mdogo aliinua kichwa, akatoa pasi ndefu kushoto, na hilo ndilo bao letu. Mama yao hakuliona. Alikuwa ameinama akimtafutia mtoto wa jirani kiatu kilichopotea, akasikia kelele tu.

Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yalipotoka, binti alipangiwa shule ya mbali. Ada za kidato cha tano na cha sita zilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sanduku, sare na nauli havikufutwa, na fedha ya pamba imeishia humo. Tulimchangia ndoo na sabuni.

Siku ya kufunga sanduku palizuka ubishi mdogo juu ya viatu vya njumu. Mama alitaka mkubwa aende navyo, maana shule mpya nayo itakuwa na timu, na huko ataanza upya kutafuta nafasi. Mkubwa aliviweka chini ya kitanda cha mdogo wake. Ni vikubwa kwake kwa namba moja. Jumamosi iliyopita tulimkuta mtoto ameketi mlangoni, anapasua kitambaa cha kanga kuukuu na kukisokomeza mbele kwenye ncha, akijaribu, akivua, akiongeza kingine.