Nipe Stakabadhi

Mwaka mmoja, zamani kidogo, nilipakia magunia 20 ya vitunguu vya Mang'ola kwenye lori, yote ya lumbesa kama wanunuzi wanavyotaka. Kwenye kizuizi kimoja cha ushuru, ambacho sitakitaja, kijana wa zamu aliyazunguka magunia yangu, akakohoa kidogo, akaniambia kwa upole: "Mzee, tusaidiane. Lipia 14, mimi nitaandika manane." Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mimi niliokoa ushuru wa magunia sita, yeye akatia mfukoni wa magunia sita, na mfuko wa umma ukapata wa manane. Nilipokea stakabadhi ile ya uongo, nikaikunja, nikaendelea na safari nikijiona mjanja.

Wiki chache baadaye mama watoto alirudi kutoka zahanati na mtoto mgongoni na karatasi mkononi. Dawa hakuna, kanunue dukani. Nikawaka kwa hasira: wakubwa wamekula fedha zetu, nchi imeoza! Aliniacha nimalize, kisha akauliza polepole: "Na zile za vitunguu, baba watoto, zimeliwa na nani?" Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha hadi leo.

Ndugu msomaji, nchi yetu haikosi sheria za rushwa. Tangu enzi za TANU wanachama waliahidi kuikana. Sheria ya kuizuia ilitungwa mwaka 1971, kikaundwa kikosi cha kupambana nayo, kikosi kikageuzwa taasisi mwaka 1991, na sheria mpya ya mwaka 2007 ikatupatia TAKUKURU. Katiba nayo, katika Ibara ya 8, imeandika wazi kwamba Serikali inawajibika kwa wananchi. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza. Rushwa haianzi pale fedha zinapopita chini ya meza. Huanza mapema zaidi, pale mwenye dhamana anapojua kwamba hakuna atakayemwambia: lete hesabu, onyesha sahihi.

Tuanzie kwa majirani. Ukitoka Karatu kwa gari unapita lango la Lodoare, unapanda ukingo wa kreta, kisha unashuka kuelekea nyika za Serengeti. Kaskazini zaidi, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, iko Loliondo. Mwaka 1992 ardhi ile ya wafugaji ilitolewa kwa ajili ya uwindaji kwa mkubwa mmoja wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Wenye ng'ombe waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Mwaka 1993 mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi akaanza kuuliza hadharani: nani alitoa kibali hiki, na kwa utaratibu gani? Hakuwa na cheo wala walinzi. Alikuwa na kalamu. Alifariki mwaka huohuo, lakini swali lake halikufa. Kila mgogoro uliofuata Loliondo, hadi kutengwa kwa kilomita za mraba 1,500 mwaka 2022, umerudi palepale: nani aliketi na nani, wakakubaliana nini, na kwa nini wenyeji walikuwa wa mwisho kusikia?

Karatu nasi tulitoa muulizaji wetu. Dakta Wilbrod Slaa, aliyekuwa mbunge wetu kuanzia mwaka 1995 hadi 2010, alisimama Mwembeyanga, Temeke, Septemba 15, 2007, akasoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Kutajwa si kuhukumiwa, na waliotajwa walikuwa na haki zote za kujitetea. Wala si lazima mtu akubaliane na kila hatua ya kisiasa ya Dakta Slaa, ya wakati ule au ya baadaye. Lakini ilipofika Januari 2008, Serikali yenyewe ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu: malipo ya zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, mengi kwa nyaraka za kughushi. Gavana akaondolewa. Naam, kumbe kuuliza kunazaa matunda!

Sasa tazama kilichofuata. Baadhi walishtakiwa, na wapo waliofungwa. Lakini waliochukua fedha walipewa muda hadi Oktoba 31, 2008 wazirudishe, na atakayezirudisha asishtakiwe. Mimi ni mtu wa kijijini. Nimeona kijana aliyeiba mbuzi akifikishwa kituoni amefungwa kamba. Sijapata kusikia akiambiwa: nenda, tunakupa miezi kadhaa umrudishe mbuzi, na jina lako tutalihifadhi. Je, sheria ya mwenye mbuzi mmoja ni tofauti na sheria ya mwenye mabilioni? Kama si tofauti, basi Serikali ilipaswa kutuambia kwa majina nani alirudisha kiasi gani na fedha hizo zilikwenda wapi.

Wapo watakaosema rushwa iko duniani kote, na kwamba mtumishi mwenye mshahara mdogo hana budi kujikimu. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, ilikwisha kutofautisha mambo haya: kuna anayepokea kwa sababu mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, na kuna mkubwa anayepokea kwa uroho tu. Simtetei wa kwanza, maana nilishirikiana naye pale kizuizini na najua madhara yake. Lakini huyu wa kwanza hujifunza kwa huyu wa pili. Samaki huanza kuoza kichwani. Karani akiona mkubwa haulizwi, atajiona mjinga kuwa mwaminifu.

Tufanye nini basi? Sidai miujiza. Nadai mambo ambayo tayari yamo katika sheria zetu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa mbele ya watu, na mwanakijiji yeyote anyooshe mkono aulize. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukabidhi ripoti zake kwa Rais, kisha zikafika Bungeni. Magazeti hupiga kelele wiki mbili, halafu kimya. Nataka ukurasa unaohusu wilaya yangu usomwe kijijini kwangu, kwa Kiswahili cha kueleweka, na aliyetajwa kwa hasara aje ajibu. Nataka pia tuelezwe mapato yanayoingia kwa jina la Ngorongoro. Kila asubuhi magari ya watalii yanapita Karatu kwenda kreta. Mgeni akifika Lodoare halipi pasipo stakabadhi. Inakuwaje mwananchi wa Endulen au wa Karatu, aliye mwenye mali, asipewe hesabu kama anayopewa mpita njia?

Na hapa pana hatari ambayo haikupata kuzungumzwa vya kutosha. Agosti 2024 tangazo la Serikali lilifuta vijiji katika Tarafa ya Ngorongoro. Wananchi wakajitokeza kwa maelfu barabarani, na Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Wengi waliona suala la ardhi na kura, nalo lilikuwa hivyo. Mimi niliona na jambo jingine. Kijiji kikifutwa, mkutano mkuu wake umefutwa. Mwenye dhamana hana tena mahali pa kusomea hesabu, wala mwanakijiji hana pa kunyooshea mkono.

Kwa hiyo narudi pale kwenye kizuizi. Siku hizi daftari la stakabadhi limepisha mashine ya kielektroniki, lakini ripoti za Mdhibiti zimetaja mara kwa mara fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo ambazo hazikufika benki. Mashine haiulizi, mtu ndiye anayeuliza. Ushuru wa magunia yale 12 ulipotea, na sehemu ya dhambi hiyo ni yangu. Tangu siku ile ya swali la mama watoto nalipia gunia kwa gunia, na siondoki mpaka karatasi itoke nami nihesabu kilichoandikwa. Vijana wa zamu hununa, madereva hupiga honi. Na wanune.

Nawe msomaji fanya hivyo hivyo, popote ulipo, kwa ushuru, kwa ada, kwa mchango wa darasa. Kisha tugeuke sote tuitazame Serikali, toka ofisi ya kijiji mpaka Dodoma, tuiambie bila matusi na bila woga: sisi tumelipa. Sasa nanyi tupeni stakabadhi yetu.