Masomo ya Bure Hulipwa na Nani?



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, wazazi wengi wa Mbeya na Iringa huuliza: Serikali ilifuta ada katika sekondari zake mwaka 2016 hata Kidato cha Nne, na mwaka 2022 hata cha Sita, mbona Chuo Kikuu si bure?

Swali ni la haki. Lakini kwanza tujue fedha yatoka wapi. Mama anunuapo sabuni dukani, kodi imo ndani ya bei. Basi kitu cha bure hakuna, yuko anayelipa.

Baada ya Uhuru Serikali iliwagharimia wanafunzi wa Chuo Kikuu. Lakini walikuwa wachache mno, na wakulima wengi walisomesha watoto wa wenzao. Miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuchangia. Kisha sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwanafunzi hukopeshwa, naye akiajiriwa hukatwa sehemu 15 katika kila 100 za mshahara mpaka deni liishe.

Mimi naona mkopo ni haki kuliko bure, kwa masharti mawili. La kwanza, umfikie kwanza mtoto wa maskini. Mjane wa Kilolo hawezi kulipa kodi katika sabuni, kisha mwanawe anyimwe, apewe mtoto wa mwenye magari. La pili, aliyekopa arudishe. Asiyepata kazi tusimwite mwizi; lakini mwenye mshahara anayejificha anamnyima masomo mdogo wake anayemfuata. Dawa ya deni ni kulipa.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Wako watoto wanaokosa mkopo si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa karatasi. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Cheti cha ubatizo hakitoshi, ingawa husaidia kukipata kile cha kuzaliwa. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho hutakiwa.

Basi msingoje matokeo. Mtoto angali Kidato cha Tatu, njoni ofisi ya parokia tufungue kitabu cha ubatizo, tulitafute jina lake.